Majani makavu kwa maji ya rangi: mwongozo kamili kwa wasukaji na watia rangi wa Uganda

Majani hayaiui rangi. Yanainasa tu, yanaitoa majini na kubaki nayo. Ukilishika hilo tangu mwanzo, mengine yote yatakuwa mepesi kuelewa: kwa nini rangi ya mikeka hunaswa haraka ilhali ya batiki hugoma, kwa nini majani yaoshwe kabla ya kutumika, na kwa nini kazi haijaisha pale maji yanapong'aa. Rangi yote bado ipo, ila sasa imo kwenye majani, na majani hayo lazima uyatafutie pa kwenda.

Nimewaandikia watu wanaotia rangi kwa sufuria na ndoo: kina mama wa Kinubi wa Bombo na Arua wanaosuka mikeka na vikapu, vikundi vinavyofanya kazi ya rafia na nyuzi za mgomba, vijana wa batiki wa Kampala na Jinja. Mwalimu wa kemia naye anaweza kuyafanya haya darasani bila gharama kubwa. Viwanda vya nguo sivigusi hapa, vina mitambo yao na wakaguzi wao.

Maji hayo yakimwagwa kwenye mtaro hayapotei. Arua kwa miaka mingi imechota maji yake ya bomba kwenye Mto Enyau. Kampala ni vivyo hivyo: mfereji wa Nakivubo unamwaga maji ya mji kwenye ghuba ya ndani ya Murchison, Ziwa Victoria, na mitambo ya Gaba inayolisha mabomba ya mji inachota kwenye ghuba hiyo hiyo. Rangi huzuia mwanga usifike chini, mimea ya majini ikashindwa kutengeneza oksijeni. Nyingine zina sumu hasa. Kijani cha malakiti, ndugu wa rangi za mikeka, kimepigwa marufuku Ulaya na Marekani kutumika kwa samaki wa kuliwa, maana mabaki yake hukaa kwenye mnofu.

Kanuni za maji taka za Uganda za mwaka 1999 ziliweka kikomo cha rangi kuwa vipimo 300 vya TCU (kipimo cha ukolezi wa rangi ya maji) na pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati) kati ya 6 na 8. Kanuni hizo zilifanywa upya mwaka 2020, baada ya Sheria ya Mazingira ya 2019, kwa hiyo mwenye karakana iliyosajiliwa aulize ofisi ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, viwango vya sasa kabla ya kumwaga chochote mtoni.

Ijue rangi yako kwanza

Hapa ndipo wengi wanapokwama, nami sitapita haraka.

Jani kavu limejengwa kwa selulosi na lignini, yaani nyuzi za mmea na kinachozishikisha, na juu yake kuna vikundi vya kemikali ambavyo kwenye maji ya kawaida hubeba chaji hasi. Rangi yenye chaji chanya huvutwa pale na kung'ang'ania. Rangi yenye chaji hasi husukumwa mbali. Ndiyo siri yote.

Rangi za chaji chanya huitwa rangi za besi. Hizi ndizo nyingi ya zile za unga zinazouzwa kwa vijiko na vipakiti sokoni kwa ajili ya ukindu, rafia na mikeka: zambarau kali, waridi inayowaka, kijani cha kung'aa. Utazitambua kwa namna zinavyoshika mikono, kwani hata sabuni huchoka nazo. Pakiti ikiwa na jina la kiwandani, tafuta neno “Basic” kabla ya jina la rangi. Kwa upande wa pili, batiki na vitambaa vya pamba hutiwa rangi zinazoandikwa “Reactive”, zinazokwenda na chumvi na soda ashi. Hizo zina chaji hasi. Zinazoandikwa “Acid” na “Direct” nazo ni hasi.

Pakiti nyingi hazina maandishi yoyote. Basi fanya jaribio la tone. Chukua karatasi nyeupe inayonyonya maji, ya kuchujia ya maabara au tishu nene ya jikoni, uilaze juu ya mdomo wa kikombe ili katikati yake isiguse kitu. Koroga rangi kidogo sana kwenye maji, iwe nyepesi kiasi cha kuona kupitia kwenye chupa. Dondosha tone moja katikati ya karatasi, usubiri. Karatasi nayo ni selulosi, ikilowa huwa na chaji hasi kama jani. Rangi ya besi itaganda pale pale ilipoangukia, na maji yataendelea kutambaa nje peke yake, yakiacha pete safi kuzunguka doa. Rangi ya chaji hasi kwa kawaida itasafiri pamoja na maji hadi ukingoni. Kasoro ya jaribio hili ni zile rangi za “Direct”: zimetengenezwa zipende pamba, kwa hiyo zinaweza kuganda kwenye karatasi ingawa chaji yake ni hasi. Jaribio la chupa, huko mbele, ndilo litakalokata shauri.

Ukiona pete safi, endelea kusoma kwa mpangilio. Ukiona rangi imesambaa yote, ruka uende kwenye sehemu ya batiki, usije ukatwanga majani bure.

Majani gani?

Swali hili ndilo linaloulizwa zaidi, na jibu lake lina umuhimu mdogo kuliko watu wanavyodhani. Wanasayansi wamejaribu mwarobaini, mwembe, mpera, mkaratusi, mgomba, msaji, majani ya nanasi, mabaki ya chai, hata gugu maji, na yote yamenasa rangi za besi kama bluu ya methilini. Tofauti zipo, lakini jani lililooshwa vizuri la mti wa kawaida litalishinda jani “bora” lililoandaliwa ovyo.

Mimi napendelea mwembe na mfenesi. Yanaanguka yenyewe uani, ni mapana, na yakikauka hutwangika bila kuwa nyuzi. Huko West Nile na kaskazini mwarobaini umejaa, utumie. Mkaratusi una mafuta na tanini (ile kahawia chungu kama ya chai) nyingi, utauosha mpaka uchoke. Jani la mgomba lina nyuzinyuzi zinazokataa kinu, bora ulikate kwa mkasi. Gugu maji linapatikana bure ufukweni, lakini lenyewe hunyonya metali nzito kutoka maji machafu, kwa hiyo usilichukue karibu na mfereji wa mji.

Okota yaliyoanguka na kukomaa. Jani bichi lina kijani kingi kitakachotoka baadaye kwenye maji yako. Na ukilichuma bichi, ujue sehemu kubwa ya uzito wake ni maji tu: kilo 3 zitakuachia unga wa kilo 1 hivi au pungufu.

Vifaa

Kinu na mchi, chujio la chai, chekeche la unga, sufuria ya zamani, ndoo mbili, chupa angavu zinazofanana za nusu lita, bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano, mizani ndogo ya jikoni, kitambaa cha pamba, glavu, barakoa. Usisagishe majani kwenye mashine ya posho, watu watakula mabaki. Na sufuria itakayotumika hapa isirudi tena jikoni.

Mizani ikikosekana au ikiwa haisomi gramu ndogo, pima vijiko 20 vya unga wa majani kwa pamoja, ugawe. Utajua kijiko chako kina gramu ngapi, na hutahitaji kupima tena kila siku.

Kuandaa majani

Suuza vumbi na mchanga. Anika kwenye turubai mpaka jani likifinywa livunjike kwa mlio, si kukunjika. Wakati wa kiangazi siku chache zinatosha, wakati wa mvua anika chini ya bati, karibu na moto lakini si juu yake. Jani lililoshika ukungu litupe.

Twanga, kisha chekecha mara mbili. Kwanza pitisha kwenye chujio la chai: kinachobaki juu rudisha kinuni, ila kiasi kiweke kando kwa chujio la jerikeni. Kilichopita, kitie kwenye chekeche la unga. Kinachobaki juu ya chekeche ndicho unachotaka kwa kazi ya ndoo. Unga laini uliopita chini ya chekeche hunasa rangi kwa kasi zaidi kwa kuwa una uso mkubwa, ila hauzami. Utakaa unaelea mpaka kesho na kila kitambaa utakachochujia kitaziba. Uweke kando kwa majaribio ya chupa.

Sasa kuosha, na hapa usiwe na haraka. Mimina maji ya moto juu ya unga, koroga, acha dakika 20, chuja. Maji ya kwanza yatatoka kama chai ya rangi iliyokolea. Hiyo ni tanini na sukari za jani. Usipozitoa sasa, zitaingia kwenye maji unayotaka kuyasafisha: utaondoa zambarau na kuweka kahawia, na uchafu huo mpya utaoza na kula oksijeni ya mto. Tanini pia hushikana na rangi za besi na kutengeneza chembe laini zinazotia maji ukungu. Rudia maji ya moto mara nne, tano, hata zaidi, mpaka yanayotoka yawe karibu na meupe. Usioshee kwenye pipa la chuma lenye kutu, kwa sababu tanini na chuma hutengeneza weusi wa wino, na majani yako yatachafuka kabla hayajaanza kazi. Maji ya kuoshea hayana rangi ya kiwandani, yamwage kwenye shina la mti.

Anika tena, hifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko.

Wapo wanaoongeza hatua ya kostiki (sodiamu haidroksaidi): gramu 4 kwa lita moja ya maji, majani yakae saa mbili au tatu, kisha yasuuzwe mpaka utelezi uishe. Kweli inasaidia, huondoa nta na kufungua selulosi ishike rangi zaidi. Lakini kostiki inachoma ngozi na macho, na maji yake meusi yanayobaki ni tatizo jingine la kumwaga. Kwa karakana ya uani naona ni afadhali uongeze majani kidogo kuliko kuleta kostiki mahali penye watoto.

Jaribio la chupa

Kabla ya kugusa maji taka, jifunze kwa rangi unayoijua kiasi chake. Rangi hiyo ipo duka la dawa: GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda. Ni rangi ya besi halisi. Chupa ya asilimia 0.5 ina miligramu 5 za rangi katika kila mililita. Kwa hiyo mililita 1 ndani ya nusu lita ya maji hukupa miligramu 10 kwa lita. Ikiwa chupa yako ni ya asilimia 1, tumia nusu mililita. Vaa glavu, la sivyo utatembea na vidole vya zambarau wiki nzima.

Tengeneza kwanza ngazi ya rangi. Chupa ya kwanza ni ile ya miligramu 10 kwa lita. Chukua nusu yake, ongeza maji safi kiasi kile kile, umepata 5. Nusu ya hiyo tena na maji, 2.5. Halafu 1.25, halafu 0.6 hivi. Zipange mbele ya karatasi nyeupe, ziandike namba. Ngazi hii ndiyo mashine yako ya kupimia. Shule yenye kolorimita au spektrofotomita itumie hiyo, kwenye nanomita 590 kwa GV na 664 kwa bluu ya methilini, lakini jicho lenye ngazi nzuri linatosha kwa kazi ya ndoo.

Chukua chupa nyingine nne zenye nusu lita ya rangi ya 10. Moja usiiwekee kitu. Nyingine weka nusu gramu, gramu 1 na gramu 2 za majani. Chupa ya tano iwe ya maji safi na gramu 2 za majani, ili uone majani yenyewe yanatoa nini. Tikisa kila baada ya dakika chache. Sehemu kubwa ya rangi huondoka katika nusu saa ya kwanza, kisha mwendo hupungua, na baada ya saa moja au mbili hapabadiliki kitu cha maana. Acha itulie, linganisha na ngazi.

Tuseme chupa ya gramu 1 imefanana na 0.6. Rangi iliyoondoka ni 10 kutoa 0.6, yaani 9.4 katika kila miligramu 10: asilimia 94. Kwa kuwa maji ni nusu lita, jani limebeba miligramu 4.7 kwa gramu moja. Andika namba zote mbili. Ya kwanza inakuambia maji yamekuwaje, ya pili inakuambia jani limefanya kazi kiasi gani, nazo huenda kinyume: ukiongeza majani, maji hung'aa zaidi lakini kila gramu hubeba kidogo. Atakayekuuzia majani kwa kusifu asilimia 99, muulize alitumia majani mangapi kwa maji mangapi.

Chupa ya tano ikiwa kahawia, rudi ukaoshe.

Kutoka chupa hadi sufuria

Maji taka halisi ni makali kuliko chupa ya GV, tena huna namba yake. Itafute hivi. Kwa rangi yako mwenyewe ya sokoni, yeyusha gramu 1 katika lita 1 ya maji ya vuguvugu; hiyo ni miligramu 1000 kwa lita. Mililita 10 za hayo katika lita moja ya maji safi hukupa 10, na kutoka hapo unatengeneza ngazi ya rangi yako. (Unga wa sokoni mara nyingi huchanganywa na chumvi, kwa hiyo namba ni ya unga, si ya rangi safi. Haidhuru, mradi unalinganisha unga na unga.) Sasa chukua mililita 10 za maji taka, ongeza maji kidogo kidogo mpaka yafanane na chupa ya 10. Yakifikia mililita 200 jumla, umeyapunguza mara 20, basi maji yako yalikuwa na miligramu 200 kwa lita.

Sufuria ya lita 5 ya maji hayo ina gramu 1 ya rangi. Ni majani mangapi? Maabara huripoti majani yanayobeba makumi ya miligramu kwa gramu, mengine hata zaidi ya mia, lakini hiyo ni kwa maji safi, pH iliyorekebishwa na mashine ya kukoroga. Uani panga miligramu 20 kwa gramu. Gramu 1 ya rangi itahitaji gramu 50 za majani.

Kabla hujayatia hayo, uliza: kwa nini gramu nzima ilibaki? Ukindu ukiondoka sufuriani wakati maji bado yamekolea, umemwaga pesa. Tia fungu jingine la rangi nyepesi katika maji hayo hayo, na jingine la rangi hafifu zaidi baada yake. Mafungu matatu kutoka sufuria moja hupunguza majani utakayohitaji kuliko ufundi wowote nitakaoeleza hapa.

Halafu yaache maji yapoe.

Angalia ukali. Wengi wetu hutia siki au ndimu kwenye sufuria ya ukindu ili rangi ishike sawasawa, na asidi hiyo ni adui wa majani. Ikizidi, uso wa jani hupoteza chaji yake hasi, na chaji za asidi hugombania nafasi na rangi. Lengo ni pH ya 6 hadi 8. Karatasi za pH huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara, au jitengenezee: chemsha maua makavu ya rozela, lowesha karatasi nyeupe humo, ikaushe, kata vipande. Nyekundu ni asidi, zambarau ni katikati, kijani ni alkali. Maji yenye rangi yatakuchanganya ukichovya, kwa hiyo dondosha tone moja na usome ile pete safi ya nje, rangi ikiwa imeganda katikati. Ikiwa bado nyekundu, ongeza maji ya majivu: vijiko viwili vya majivu kwenye lita, yatulie, tumia ya juu yaliyo safi, kidogo kidogo.

Sasa tia majani, lakini si yote kwa mkupuo. Gawa gramu 50 ziwe 30 na 20. Tia 30, koroga kwa mti dakika 30, acha yazame, chuja kwa kitambaa. Kwenye maji yaliyochujwa tia 20, koroga nusu saa nyingine, chuja. Majani yale yale yakigawanywa hivi husafisha zaidi, kwa sababu fungu la pili linakutana na maji mepesi likiwa bado na njaa. Na kwa kuwa fungu hilo la pili halijashiba, usilitupe: kesho litakuwa fungu la kwanza la sufuria kali, na majani mapya yatamalizia. Ukizoea mzunguko huu, kila jani litafanya kazi mara mbili.

Maji yanayopatikana si ya kunywa, si ya kupikia, si ya kunyweshea mifugo. Yatumie kulowekea ukindu au kutia rangi tena. Yakiwa bado na rangi kidogo, karata ya mwisho ni chujio la jerikeni.

Chujio la jerikeni

Kata kitako cha jerikeni la lita 20, uligeuze mdomo chini, uweke kitambaa mdomoni. Juu yake kokoto safi kiganja kimoja kwenda juu, mchanga uliooshwa vidole vinne, kisha majani makubwa makubwa yaliyobaki kwenye chujio la chai, unene wa shubiri au zaidi, na juu kabisa mchanga kidogo wa kuyazuia yasielee. Yaloweshe kwanza yavimbe ndipo uweke mchanga wa juu, la sivyo maji yatatafuta njia pembeni na kupita bila kugusa jani.

Maji yapite polepole, lita moja kwa dakika kumi au zaidi. Funga mdomo kwa kizibo chenye tundu dogo. Weka glasi chini na uiangalie: siku rangi inapoanza kutokea, majani yameshiba, yabadilishe yote. Sipendekezi chujio hili kwa maji makali, litashiba asubuhi moja. Ni la kumalizia.

Wenzetu wa batiki

Rangi za “Reactive” hutoka kwenye karakana na pH ya 11 hivi na chumvi nyingi. Sehemu ya rangi haishiki kitambaani kamwe, inaondoka na maji ya kusuuzia. Jani halitaitaka. Ungeweza kushusha pH hadi 2 au 3 kwa asidi na jani likabadilika kuwa na chaji chanya, watafiti hufanya hivyo, lakini utabaki na ndoo za asidi za kurekebisha tena. Usijisumbue.

Anza na kitambaa. Baada ya kupaka rangi na soda ashi, kifunge kwenye kavera kikiwa kibichi, ukiache usiku kucha hadi saa 24. Rangi nyingi zaidi itashika na kidogo itasuuzwa.

Kwa inayobaki, tumia mbegu za mlonge badala ya majani. Protini zake zina chaji chanya, hukusanya rangi hasi na kuzama nayo. Menya mbegu zilizokauka, twanga ziwe unga, changanya gramu 2 na mililita 100 za maji, koroga dakika chache, chuja kwa kitambaa. Shusha maji taka hadi pH ya 7 kwa siki, kisha jaribu kwenye chupa: mililita 5, 10, 20 na 40 za maji ya mlonge kwa kila nusu lita. Koroga haraka dakika moja, polepole dakika kumi, acha saa mbili. Chagua kipimo kidogo kilichotoa mabonge yanayozama na maji mepesi juu. Dawa hii huharibika, tengeneza ya siku hiyo hiyo.

Anayetumia indigo au rangi nyingine za jamii hiyo, zinazoyeyushwa kwa kostiki na haidrosulfaiti, ana kazi nyepesi kuliko wote. Rangi hizo zikipata hewa haziyeyuki tena. Mimina maji kutoka ndoo hadi ndoo mara nyingi yapigwe na hewa, yaache usiku, rangi itatua chini kama tope. Chuja. Kostiki bado imo, isahihishe kwa siki kabla ya kumwaga.

Majani yaliyoshiba

Gramu 50 ulizotia sasa zina karibu gramu nzima ya rangi. Zisiende kwenye mbolea ya mboga, zisilale mahali ambapo mbuzi au kuku watazifikia, na mvua isizioshe. Zisichomwe kwenye sigiri wala jiko la mafiga, moshi wa rangi hizi si wa kuvutwa.

Njia ninayoiamini ni tanuru la matofali. Karibu kila wilaya kuna watu wanaochoma matofali, na moto wa katikati ya tanuru ni mkali wa kutosha kuivunja rangi yenyewe. Kausha majani, yatie kwenye gunia, mwombe mwenye tanuru ayaweke ndani kabisa pamoja na kuni, si pembezoni ambako moto ni wa moshi. Vikundi vya wasukaji vinaweza kukusanya pamoja na kupeleka mara moja kwa msimu.

Njia ya pili ni kuirudisha rangi kazini. Ile asidi iliyokuwa adui sasa inakuwa rafiki: loweka majani ya zambarau katika siki kiasi cha kuyafunika tu, saa chache, na sehemu ya rangi itaachia. Haitatoka yote, lakini maji hayo machache yaliyokolea yanafaa kutia rangi fungu dogo la ukindu. Ndiyo sababu ya kuweka majani ya kila rangi kwenye mfuko wake. Ukichanganya zambarau, kijani na waridi utapata kahawia isiyo na mnunuzi. Majani yaliyolowekwa hivi yasuuze kwa maji kidogo ya majivu, uyatumie tena kama fungu la kwanza. Kila mzunguko yatabeba pungufu kidogo kuliko uliopita, nayo yakianza kuvunjika vumbi ndani ya ndoo, ni zamu ya gunia la tanuru.